Ua Lisilo na Zamu

Nyumba yetu ya Majengo ilikuwa na zamu ya kila kitu. Zamu ya jiko, zamu ya kufagia uani, zamu ya bomba maji yakitoka, hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa na zamu yake. Baba alikuwa na wake wawili ndani ya uzio mmoja, na mwanaume wa namna hiyo asipopanga zamu atahamia msikitini na godoro lake. Mama yangu mzazi alikaa vyumba vya upande wa barabara. Mama Mdogo alikaa upande wa banda la kuku. Katikati palikuwa na mpera, na kwenye mpera lilining'inia ua la baba, kitu pekee kisichokuwa na zamu.

Nasema ua, lakini jina lake ni okidi. Hilo jina nimelijua ukubwani, kwenye simu, kwa watu wa mjini wanaouza maua haya kwenye vyungu vya kung'aa. Kwetu hakuna aliyelipa jina. Baba alikuwa mnunuzi wa mpunga, na siku moja akirudi kutoka Kibaoni alikuta watu wamefyeka miti wafungue shamba. Mti mmoja mkubwa ulikuwa umelala chini, na kwenye tawi lake kumekaa kichaka cha vijiti vinene kama miwa midogo, mizizi myeupe imesimama wima. Akaomba panga, akakata tawi zima, akalipakia juu ya magunia.

Mama alipoliona akasema, "Umeenda kununua mpunga umerudi na kuni."

Mama Mdogo, ambaye kwao ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, akalizunguka, akaligusa, akasema hilo hata ng'ombe mwenye njaa halili. Ilikuwa mara chache sana wanawake hao wawili kukubaliana, na baba alicheka mpaka akakohoa.

Lile la kwanza aliliua. Alilifukia ardhini kama mtu anayepanda mgomba, akalijazia samadi mbichi, akalimwagia maji asubuhi na jioni. Likaoza, likanuka, kuku wakachakura kilichobaki. Safari nyingine akaja na tawi jingine, na safari hiyo alitumia akili. Alilifunga kwenye mpera kwa vipande vya tairi la baiskeli, juu, hewani, bila chembe ya udongo. Akawa anatuambia, na mimi nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa namsikiliza, kwamba kule porini ua hili halina anayelilisha. Mvua inanyesha juu ya mti, inateremka na vumbi, na majani yaliyooza kwenye maungo ya matawi, na kinyesi cha ndege kidogo, ndiyo chakula chake. "Hili halili," alikuwa akisema. "Linaonja."

Basi alikuwa na utaratibu wake. Alitafuta samadi ya ng'ombe kuukuu, iliyokauka mpaka imekosa harufu, akailoweka kwenye ndoo, akaichuja kwa kitambaa, halafu akaongeza maji, akaongeza tena, mpaka ikawa na rangi ya chai ambayo majani yake yameshachemshwa jana. Kwanza alilimwagia ua maji matupu ili mizizi ilowe, kwa sababu mizizi mikavu ikikutana na mbolea inaungua. Kisha ndipo akanyunyizia ile chai yake. Na hiyo ni wakati wa mvua tu, vijiti vipya vinapochipua. Kiangazi kikiingia haliwekei kitu. Majani yanageuka manjano, yanadondoka, vijiti vinasinyaa kama vidole vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Ungemuuliza, angekujibu limelala, liacheni.

Halafu mwisho wa kiangazi, joto la Mpanda limetuchosha na mvua bado inatuzungusha, lilichanua. Jamani, lilichanua! Maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, matawi na matawi, na harufu asubuhi mpaka mpangaji wa nyumba ya pili anauliza nani kapaka manukato. Siku hiyo baba alipiga makofi uani akaita, "Njooni nyote!" Mama alitoka upande wake, Mama Mdogo akatoka upande wake, wakasimama pamoja chini ya mpera. Siku hizo za ua hapakuwa na zamu. Walipika sufuria moja, wakakaa mkeka mmoja. Yalipopukutika, kila mtu alirudi upande wake.

Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu watu wakisikia wake wenza wanafikiria kuchomana na uji wa moto. Hawa hawakugombana. Wallahi ingekuwa ugomvi ningewapatanisha, mimi ni fundi cherehani, maneno ya wanawake nayamudu. Wao waliheshimiana kupita kiasi. Neno la mmoja kwenda kwa mwenzake lilipitia kwa baba: mwambie dada chumvi imeisha, mwambie mdogo wangu kuku wake wameingia kwangu. Salamu tu ndiyo walipeana wenyewe. Mama Mdogo alikuwa anapiga goti asubuhi anamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, dada," na mama anaitikia vizuri kabisa, mwisho hapo. Miaka yote.

Baba alifariki kiangazi kinaanza. Aliumwa kidogo, tukadhani homa, akaondoka. Hilo silielezi zaidi.

Wajane wawili wakaingia eda ndani ya uzio mmoja. Hawatoki, hawajipambi, wanaswali, wanapika, wanapokea wageni wa kutoa pole. Zamu hazikuwa na maana tena kwa sababu mwenye zamu hayupo, lakini waliziendeleza vilevile. Na yule aliyekuwa anabeba maneno yao amelala makaburini. Mimi nilikuwa nimeolewa Shanwe, nina cherehani yangu kibarazani, nikawa napita kila asubuhi kabla sijafungua kazi. Ghafla nikajikuta ndiye baba. "Mwambie mama yako." "Mwambie mama yako mdogo." Nilikuwa nachukia, siwafichi.

Mama Mdogo hakujaliwa mtoto. Kaka zake walishatuma habari: eda ikiisha wanakuja kumchukua, kwa sababu mwanamke asiye na mtoto akae nyumba ya watoto wa mwenzake akifanya nini? Nikamfuata chumbani kwake nikamuuliza mwenyewe anataka nini. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Mimi sitaki kwenda," alisema. "Hapa ndipo nimekuwa mtu mzima. Lakini siwezi kukaa nyumba ambayo mwenyewe hajaniambia kaa."

Mwenyewe ni mama yangu. Nikavuka uani kwa hatua za hasira, nikamkuta mama anakoroga uji.

"Mama, mwambie Mama Mdogo akae."

"Kwani nimemfukuza?"

"Hujamfukuza, ila hujamwambia akae."

Akaweka mwiko chini. "Mtu mzima haambiwi kaa nyumbani kwake. Nikimwambia kaa, si nimemfanya mgeni? Mgeni leo ataambiwa kaa, kesho ataambiwa ondoka. Ile ni nyumba yake, amepewa na mumewe, mimi ni nani nimkaribishe?"

Niambieni, hapo mimi ningefanya nini? Nilimpelekea Mama Mdogo maneno yale yale, neno kwa neno, mama anasema ni nyumba yako. Akatabasamu yale matabasamu yake ya kuuma. "Asiseme na wewe. Aseme na mimi." Nikamrudishia mama. Mama akasema mwanamke yule ana kiburi. Nikaenda zangu kazini, nikaharibu kitambaa cha mteja siku hiyo, nikamlipa.

Sasa lile ua. Kiangazi kile lilianza kupukutisha majani kama kawaida yake, lakini baba hayupo kusema limelala. Asubuhi moja nikamkuta mama chini ya mpera na kopo. Maji ya kuoshea mchele, aliyalaza yakachachuka kidogo. Ndani yake kaloweka maganda ya ndizi, na juu kanyunyiza maganda ya mayai aliyoyakausha akayatwanga kwenye kinu yakawa unga. Kwa mboga ni mbolea nzuri kabisa, hata mimi natia kwenye mchicha wangu. Nikamwambia, "Mama, baba si alisema linaonja tu? Na si wakati wake huu."

"Baba yenu alikuwa bahili hata kwa maua," akanijibu. "Huoni limekonda? Liko kwenye msiba kama sisi. Niache nilihudumie."

"Litaungua mama."

"Mchele umemuunguza nani?"

Kazi kwelikweli. Nikamwacha. Kitu ambacho sikukijua, na nisingeweza kukijua kwa sababu nilipita asubuhi tu, ni kwamba alasiri, mama akiwa amejinyoosha, Mama Mdogo naye alitoka. Jirani wa nyuma ana ng'ombe wa maziwa, akawa anampitishia samadi kwenye ufa wa uzio. Samadi mbichi, si ile kuukuu ya baba. Mama Mdogo aliiloweka kwenye ndoo yenye mfuniko nyuma ya banda la kuku, akaichuja kwa kanga, akalimwagia ua mpaka linadondosha matone. Kwao samadi ni kitu kinachofufua mahindi, kwa nini kisifufue ua? Harufu mama aliisikia, akadhani ni upepo wa kwa jirani, ambao siku zote unatoka huko. Ule unga mweupe wa mayai Mama Mdogo aliuona, akadhani ni kinyesi cha kuku waliolala mperani.

Ua lingekuwa na zamu, lingepona. Yaani leo wewe kesho mimi, wangegundua. Lakini hawakupangiwa, kwa hiyo kila mmoja alichukua zamu zote. Na kadiri lilivyozidi kusinyaa, kila mmoja alizidi kulilisha. Wakati wake wa kulala wakaliwekea karamu mbili kwa siku.

Siku moja, eda imebaki kidogo kwisha, Mama Mdogo alinishika mkono mlangoni. "Unaona lile ua?" akaniuliza. "Likichanua, mama yako atatoka tu. Hajawahi kukaa ndani likichanua. Nitasimama naye pale, nimuombe mwenyewe kwa mdomo wangu nikae. Bila ua nitatoka niende kusimama kwake nianze na neno gani?"

Nikamwambia Mama Mdogo, neno ni neno, liseme leo. Akasema, "Nyie watoto wa siku hizi hamna haya." Sikuwa mtoto, nina watoto wangu. Lakini nilimwelewa, na nilimwonea huruma, na kidogo nikaanza mimi pia kuliangalia ua lile kila nikiingia, nalihesabia chipukizi kama mchawi.

Halikuchanua. Vijiti vililegea, vikawa vyeusi chini, ukivibonyeza vinatoa maji. Eda ikaisha. Wakaoga, wakavaa nguo za kawaida, wanawake wa mtaa wakaja wakapika pilau, wakaondoka. Kesho yake asubuhi nikakuta mabegi ya Mama Mdogo mlangoni. Kaka zake walikuwa njiani na pikapu.

Mama alikuwa amesimama chini ya mpera, kajifunga kanga kiunoni. "Literemshe hili," akaniambia. "Limeshakufa, linaleta nzi."

Nikapanda kigoda nikakata zile raba za tairi. Tawi lilipogusa chini, mizizi ikaachia kama nyama iliyoiva sana, na harufu ikatoka iliyotufanya wote turudi nyuma. Mama akachutama, akachokonoa kwa kijiti.

"Hii ni samadi," akasema. "Nani kaweka samadi humu?"

Mama Mdogo alikuwa ametoka chumbani kwake. Akasimama hatua chache tu kutoka kwetu. "Mimi, dada. Kila alasiri." Naye akainama, akaokota kipande cheupe kilichoganda kwenye mzizi. "Na haya maganda ya mayai?"

"Mimi," mama akasema. "Kila baada ya alfajiri."

Wakatazamana. Mama akaanza kucheka, akaketi chini kabisa kwenye mavumbi, na Mama Mdogo akacheka akishika mdomo. "Nilijua lina njaa," akasema. "Mimi je!" mama akasema. "Nilitaka lichanue nikuite uje ulione. Nilikuwa nimeshaweka mchele wa sufuria moja pembeni." Na mimi nikacheka, nikasema moyoni, haya sasa, haya, sema mama, sema neno moja tu.

Honi ikalia getini.

Mama akainuka, akajikung'uta. Akamwambia Mama Mdogo, "Wakaribishe kaka zako ndani, wasiondoke na njaa." Akaenda jikoni. Yaani akaenda jikoni! Akawapikia wali na kuku, wakala, wakashukuru, wakapakia mabegi na kitanda. Mama Mdogo alikula punje chache. Wakati wa kuaga alipiga goti mbele ya mama, akakaa pale chini muda mrefu kuliko salamu yoyote inavyotakiwa. Alikuwa anangoja. Hata wale kaka zake waliona, mmoja akageukia pembeni. Mama akamwekea mkono kichwani, akasema, "Nenda salama, mdogo wangu."

Pikapu ilipopinda kona nilimgeukia mama nikamfokea kama sijawahi kumfokea maishani. Nilimwambia umemtoa mtu nyumbani kwake kwa adabu zako. Alichukua jembe, akalifukia ua pale pale chini ya mpera, na nikamwambia hata hilo si mahali pake, maua haya hayakai ardhini. Nililia njia nzima mpaka Shanwe, wateja wakadhani nimefiwa upya.

Mvua zikaja. Mama akapungua. Kamba ya nguo aliiacha tupu zile siku ambazo hazikuwa zake, nguo zake mbichi zikabaki kwenye beseni mpaka zinavunda. Nikimuuliza anasema jua lilikuwa dogo. Ananiuliza kama huko Mpimbwe, kwao Mama Mdogo, mvua ni nzuri. Ananiuliza kama ng'ombe wa Wasukuma wanapata malisho. Tangu lini mama yangu akajali ng'ombe? Nikamwambia, namba ninayo, piga uulize mwenyewe. Akasema ataongea siku nyingine.

Siku nyingine hiyo ilifika mchana mmoja wa Ijumaa. Alikuja mwenyewe mpaka kibarazani kwangu, jambo ambalo hafanyi, kakaa kwenye benchi la wateja na baibui lake limelowa matope. "Nipigie," akasema. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamkabidhi simu. Aliishika kwa mikono miwili.

Mama Mdogo akapokea. Wakasalimiana. Mama akamuuliza afya, akamuuliza kaka zake, akamuuliza mvua, akamuuliza mpunga, akamuuliza ng'ombe. Nikawa natoa macho. Mwishowe akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, "Mdogo wangu. Rudi nyumbani. Ukae."

Nilisikia ndama analia huko, na mtu anafukuza kuku.

"Dada," Mama Mdogo akasema. "Mbona hukusema?"

"Si nimesema sasa."

"Sasa ng'ombe wa watu wameshaingia zizini kwa kaka. Juzi tu, dada. Nimeshaposwa. Nilipiga goti pale, nikangoja. Ungesema hata kwa kunong'ona." Akawa analia, si kwa kelele. "Hata ungenipigia wiki iliyopita."

Mama aliitazama ile simu. Kisha akanirudishia mkononi, bado iko hewani, bado sauti iko wazi, ndama bado analia.

"Mwambie mama yako mdogo nimesikia," akasema. "Mwambie Mungu amjalie huko aendako."

"Mama, anakusikia."

"Mwambie tu," akasema, akajifunika uso kwa baibui.